Raha ya Kutishwa: Kwa Nini Tunasoma Kinachotunyima Usingizi

Kuna riwaya moja ambayo kwa wiki nzima ililala sebuleni. Nilikuwa naisoma kitandani, na kila nilipofika pa kuishia nilinyanyuka, nikaipeleka mezani kule, nikaiweka kifudifudi ili ule uso uliochorwa kwenye jalada usimtazame mtu, kisha nikarudi kulala na mlango nikaufunga. Mimi ni mtu mzima. Najua kitabu hakina miguu. Na kesho yake, jua likizama tu, nilikuwa mbio kukifuata sebuleni.

Wanaosoma riwaya za kutisha wanaijua hali hii, na wanalijua pia swali la wasiosoma: wewe una matatizo gani? Dunia haina shida za kutosha mpaka ukazitafute kitabuni? Swali lina haki yake. Hofu ni hisia ya kukimbiwa. Hakuna anayetamani ile ya kumtazama daktari anasoma majibu yako bila kusema neno. Lakini hofu ikitiwa ndani ya kurasa mia tatu tunaitafuta, tunaisifia, tunapokezana. "Hicho usikisome ukiwa peke yako," mtu anakwambia, na papo hapo unataka kuwa peke yako.

Jibu la haraka ambalo kila mtu analo ni adrenalini: moyo unadunda, damu inachemka, mwili unapenda. Si uongo, ila halielezi kitu. Adrenalini hutoka pia mtu akikoswakoswa na lori, na sijamwona aliyerudi barabarani ili akoswe tena. Nadhani tunakwama kwa sababu tunaita kwa jina moja raha ambazo si moja.

Tuchukue kisa, nakitunga hapa hapa. Mjane anaishi peke yake. Viatu vya marehemu mumewe bado viko mlangoni; hajapata moyo wa kuvitoa. Asubuhi moja anavikuta vimelowa umande, soli zina udongo mbichi. Anavifuta. Asubuhi ya pili, vilevile. Asubuhi ya tatu vimelowa tena, na safari hii ncha zake zimeelekea ndani.

Ukimpa viatu hivi mwandishi wa riwaya za uhalifu, swali lake litakuwa: nani? Kuna mtu mwenye ufunguo. Kuna shemeji anayeitaka nyumba na anajua kwamba mjane akionekana amerukwa na akili, kesi imekwisha. Au mume hakufa, na fedha za bima zina mahali zilipokwenda. Raha ya hapa ni taharuki: kuna jambo msomaji hajalijua na analitaka, au analijua na mhusika halijui, naye anatamani kumpigia kelele. Kiza cha riwaya hizi ni cha binadamu. Hakuna kinachofanyika humo ambacho jirani yako asingeweza kukifanya, na ndiyo sababu zinauma kwa namna yake. Baada ya sura kadhaa unaanza kumwangalia kila anayeingia kwa tabasamu, na anayetabasamu zaidi unamweka kwenye orodha.

Mpe viatu hivyohivyo mwandishi wa mizuka, swali la "nani" halimkalishi. Ni yeye, mume. Tunajua, na mjane anajua. Maswali ni mengine: anataka nini, na kama viatu vimeelekea ndani, sasa hivi yuko chumba gani? Hapa hakuna ushahidi utakaokutuliza. Kila unachokipata kinaongeza uzito badala ya kuupunguza. Raha yake, kama ni raha, iko karibu na ile ya kusimama ukingoni mwa shimo refu: huna swali la kujibiwa, una ukubwa wa kitu mbele yako.

Kuna njia ya tatu. Siku ya nne mjane anaona udongo chini ya kucha zake mwenyewe. Je, ni yeye anayevivaa usingizini, au aliyevivaa alimshika mkono? Tzvetan Todorov, mhakiki aliyeandika kwa Kifaransa, alitoa mwaka 1970 kitabu kuhusu hadithi za aina hii, na hoja yake kuu ni kwamba zinaishi katika kusitasita. Mradi msomaji hajaamua kama jambo lina maelezo ya kawaida au ni la ulimwengu mwingine, hadithi iko hai. Akishaamua, imehamia upande mmoja na kuwa kitu kingine. Ndiyo maana sura za mwisho za vitabu vingi vya kutisha hukatisha tamaa. Mwandishi amelazimika kuamua.

Ugomvi huu ni mkongwe kuliko Todorov. Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole alitoa hadithi ambayo wengi huitaja kama mwanzo wa riwaya za kutisha za Ulaya, na kwanza alijificha, akadai ni tafsiri ya andiko la kale la Kitaliano. Ndani yake, siku ya harusi, kofia kubwa ajabu ya chuma inaanguka kutoka juu na kumponda bwana harusi. (Leo tunacheka. Kofia ile inafundisha kwamba kitisho huchacha haraka kuliko mapenzi.) Miongo mitatu baadaye mwandishi Mwingereza Ann Radcliffe aliwatisha wasomaji kwa mapazia, sauti na milango, halafu mwisho wa kitabu akaeleza yote kwa sababu za kawaida, jambo lililowaudhi baadhi yao. Kwa Kiswahili tunayo njia hiyo kwenye *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa 1960: maiti inakutwa kwenye mzimu, yaani mahali pa matambiko, watu wanautazama mzimu, na mpelelezi Bwana Msa anawatazama watu. Jina la kitabu linakuahidi kutishwa, ndani unapewa akili ya mpelelezi, na nusu ya ladha inatokana na jinsi ahadi ile ya kwanza inavyokataa kutoka kichwani hata unapojua unasoma upelelezi.

Radcliffe huyo aliacha pia insha iliyochapishwa 1826, baada ya kifo chake, na sijaona aliyelieleza jambo hili vizuri kumshinda. Alitenga hofu mbili. Moja ni ya kinachokuja: haina umbo, imefunikwa, na inaikunjua nafsi, inaziamsha fahamu zote. Nyingine ni ya kilichokwisha fika, kimewekwa mezani na taa imewashwa: hiyo inazigandisha fahamu na kuzikunja. Ya kwanza, alisema, ndiyo chanzo cha ule ukuu unaostaajabisha. Kila aliyewahi kusoma kitabu kizuri mpaka ukurasa ambao zimwi linatokea wazi, likaelezwa meno na makucha, anajua Radcliffe alimaanisha nini. Dakika moja kabla ulikuwa huthubutu kwenda chooni, na sasa unahesabu meno.

Sasa turudi kwenye kitabu changu cha sebuleni, maana kuna jambo halijaelezwa: kwa nini mtu anayejua vizuri kwamba hadithi ni ya uongo anaogopa kweli?

Wanafalsafa wamelitafuna swali hili. Kendall Walton, mwaka 1978, alitoa mfano wa mtu anayetazama filamu ya ute wa kijani unaotambaa kuelekea kwake; anapiga ukelele, anashikilia kiti, lakini hakimbii. Kama angeogopa kwa maana kamili, alisema Walton, angeinuka akaondoka. Kwa hiyo anacheza mchezo wa kuogopa, kama mtoto anayekimbizwa na baba aliyejifanya zimwi. Ni jibu zuri, ila halilingani kabisa na mtu anayehamisha kitabu usiku wa manane. Mimi sikuwa nacheza. Tamar Gendler, mwaka 2008, alikwenda njia nyingine: chini ya yale tunayoyaamini kuna kitu cha haraka zaidi ambacho hakisikilizi hoja. Mfano wake ni mtu aliyesimama kwenye jukwaa la kioo juu ya bonde la Grand Canyon, Marekani. Anajua kioo hakivunjiki, amelipa kiingilio, na magoti bado yanamtetemeka. Mwili una maoni yake. Unaposoma, akili inasema "hadithi", mwili unasema "mlango", na hawa wawili wanakaa meza moja bila kupatana.

Mwili huo unapataje habari, wakati ukurasa hauna sauti wala kivuli? Hapa kuna utafiti ninaoupenda kuliko wote. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walichapisha mwaka 2021 matokeo ya kuwasomesha watu 46 hadithi fupi gizani, zikitokea sentensi moja baada ya nyingine kwenye skrini. Hadithi zinaanza kwa upole: uko ufukweni, majini. Kisha kuna kitu cheusi kinapita kwenye mawimbi, watu walio mchangani wananyoosha vidole. Karibu nusu ya washiriki walikuwa na afantasia, yaani hawawezi kuona picha akilini; ukiwaambia wafikirie tofaa, wanalijua tofaa lakini hawalioni. Watafiti walipima jasho jembamba la ngozi, lile linalopanda mtu akiingiwa na woga. Kwa wenye kuona picha akilini lilipanda kadiri hadithi ilivyoendelea. Kwa wenye afantasia halikupanda. Walipoonyeshwa picha halisi za kutisha, makundi yote mawili yaliitikia.

Maana yake, kwa kadiri ninavyoelewa, ni kwamba maneno yenyewe hayakutishi. Maneno yanakuagiza utengeneze picha, na unayoitengeneza ndiyo inayokutisha. Kwenye filamu mzuka ni mmoja kwa watazamaji wote. Kitabuni kila msomaji anajichongea wa kwake, kutokana na korido alizowahi kupita na sura alizowahi kuogopa. Ndiyo maana mwandishi anayeeleza kila kitu anajiharibia. Anakunyang'anya patasi mkononi.

Hebu tuone kwa karibu. Mjane ameinama pale mlangoni. Mwandishi mmoja anaandika: "Aliogopa sana. Mwili wote ulimtetemeka na jasho jembamba likamtoka, kwani alihisi kuna jambo la kutisha mno linaloendelea ndani ya nyumba ile." Mwingine anaandika: "Aliingiza mkono kwenye kiatu cha kushoto. Kilikuwa na joto."

Wa kwanza amemwogopea msomaji. Woga wote ameumaliza mhusika, msomaji habakiwi na cha kufanya ila kukubali taarifa. Wa pili hajataja woga popote. Ametaja joto, neno la kawaida, tena la faraja, na kukuachia hesabu: kiatu kina joto, basi mguu umetoka sasa hivi. Hesabu hiyo unaifanya mwenyewe, na kwa kuwa umeifanya mwenyewe huwezi kuibishia.

Kiswahili kina silaha nyingine ambayo waandishi wetu hawaitumii vya kutosha. Soma: "Alisimama mlangoni." Kisha: "Kilisimama mlangoni." Silabi moja tu imebadilika na mtu amegeuka kitu, tena kitu kinachosimama kama mtu. Ngeli imefanya kazi ya ukurasa mzima. Mwanafalsafa Noël Carroll, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu hadithi za kutisha, alisema viumbe vya kutisha huwa vinavunja mipaka ya makundi tuliyozoea kuyapangia dunia: si hai wala si maiti, si mnyama wala si mtu, kimoja lakini pia viwili. Alikuwa anazungumzia falsafa, lakini anayezungumza Kiswahili amezaliwa na orodha ya makundi hayo mdomoni. Mwenye uhai anapewa a-. Basi anapokuja wa ki- au li- akitembea kwa miguu yake, sikio linashtuka kabla ya akili. Hata zile methali: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Linajua, linakula, lina huruma kidogo, na bado hatukulipatia a-.

Tuje kwenye kipimo, maana kipo. Mjini Vejle, Denmark, watafiti waliwafunga vifaa vya kupima mapigo ya moyo watu 110 walioingia kwenye nyumba ya burudani ya kutisha, na matokeo yakatoka 2020. Raha haikuongezeka sambamba na hofu. Ilipanda pamoja nayo, ikafika kileleni mahali pa kati, kisha ikashuka. Woga mdogo unachosha, woga uliozidi unaumiza, na katikati kuna kiasi chake. Nyumba si kitabu, najua. Ila kwa msomaji jambo hili ni rahisi kulitambua, kwa sababu usukani anao yeye. Akizidiwa anafunga, anachemsha maji, anarudi. Anaweza kurukia mwisho kuona nani yuko hai. Anaweza kusoma mchana kweupe. Nawajua wanaosoma sura mbaya saa saba mchana tu, na sioni aibu yoyote hapo. Filamu inakwenda kwa mwendo wake ukiwa umeziba macho au hukuziba, lakini kitabu kikizibwa kinakungoja.

Mwanasaikolojia Dolf Zillmann alieleza raha ya taharuki kwa njia inayoeleweka haraka: msisimko wa mwili hauzimiki mara hatari inapokwisha, unabaki kwa muda, na mabaki yake yanaikoleza ile afueni ya mwisho. Kwa riwaya za uhalifu naikubali. Muuaji amekamatwa, moyo bado unadunda, na mdundo uleule uliokuwa hofu sasa unasomeka kama furaha. Lakini haitoshi kwa vitabu vya mizuka, ambavyo vingi vizuri vinaisha vibaya. Mjane hapati afueni. Tunafunga kitabu mzuka bado yumo ndani na tunasema "hiki kitabu ni kitamu sana". Utamu huo hautoki kwenye ushindi. Kwa upande wangu unatoka kwenye ule umakini. Kwa saa mbili nimesikia kila mlio wa nyumba, sikushika simu, sikuwaza madeni. Sijui kitu kingine kinachonikalisha hivyo nikiwa nimetulia mahali pamoja.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kudai vitabu hivi vinakukomaza. Utafiti mmoja uliochapishwa 2021 uliwakuta mashabiki wa filamu za kutisha wakiripoti msongo mdogo wa mawazo miezi ya mwanzo ya janga la UVIKO-19. Inawezekana walikuwa wamefanya mazoezi ya kuogopa. Inawezekana pia kwamba wenye moyo mgumu ndio huvutiwa na hadithi za aina hii tangu mwanzo. Utafiti wa aina hiyo hautenganishi mambo haya mawili. Sipendi kuitetea raha kwa kuigeuza dawa. Wala siafiki upande wa pili, wanaodhani anayesoma mauaji anajifunza kuua. Anachojifunza msomaji wa riwaya za uhalifu, kama anajifunza chochote, ni kutomwamini msimulizi anayejisifu.

Lililobaki ni umbali. Mwanafikra Edmund Burke aliandika mwaka 1757 kwamba hatari ikikaribia mno haina raha yoyote, inatisha tu basi, lakini ikiwa mbali kiasi fulani huweza kufurahisha. Umbali huo hauko kitabuni. Uko kwa msomaji, na unabadilika kufuatana na maisha yake. Kitabu kimoja cha mtoto anayeita kutoka chumba kisicho na mtu nilikisoma ujanani nikacheka kwa woga na kumpa rafiki yangu siku ileile. Miaka baadaye, nikiwa nimetoka kulala wiki mbili kwenye benchi la wodi ya watoto, mtu aliniazima kingine, si cha kutisha kama kile, na kwenye sura ya tatu kuna mama anabadilisha shuka la kitanda kidogo. Hakuna mzuka kwenye sura ile. Kuna shuka tu, na mama analikunja mara nne.

Hicho sikukilaza sebuleni. Nilikirudisha kwa mwenyewe asubuhi yake, na aliponiuliza kama kilinitisha, nikamwambia hapana.